Je, Ufito wa Kuvulia Una Uti?

Katika mji wa Tunduma, pale barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapovuka mpaka kuingia Zambia, yupo fundi mmoja ambaye kazi yake ni kutengeneza fito za kuvulia samaki. Hununua mianzi kwa matita, huikausha, huinyosha juu ya makaa, kisha huifunga pete za waya za kupitishia mshipi. Wateja wake ni wavuvi wa kambale wa mto Momba, vijana wa shule, na mara mojamoja msafiri mwenye gari. Siku hizi huletewa pia fito tupu za nyuzi za kioo zilizotoka viwanda vya ng'ambo, naye huzivika pete na mpini. Kabla ya kufunga pete ya kwanza, fundi huyu hufanya jambo moja ambalo hulitoza fedha za ziada. Hutafuta uti.

Hulifanya hivi. Huusimamisha ufito, tako lake sakafuni na ncha yake ikiegemea kiganja cha mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia huusukuma katikati mpaka upindike kama uta, na huku umepindika huuviringisha polepole. Ukifika mahali fulani ufito huruka wenyewe mkononi, ukatulia kana kwamba umepata kitanda chake. Hapo fundi hutia alama ya mkaa na kusema kuwa upande huo ndio uti, na kwamba pete zisipofungwa kwa kuufuata, ufito utajisokota mkononi mwa mvuvi siku samaki mkubwa atakaponasa, na mshipi ukirushwa utakwenda kombo. Imani hii si ya Tunduma peke yake. Mafundi wa Ulaya na Marekani wanaojitengenezea fito zao wamebishana juu yake kwa miaka mingi, na wapo miongoni mwao wanaoishika kama amri.

Jambo hili lilinifikia kwa njia ya jamaa. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu wilayani Mbozi, aliamua kutengeneza fito mwenyewe na kuziuza wakati wa likizo. Alinunua tita la mianzi kwa fedha alizozipata katika kuchuma kahawa. Nilipofika nyumbani nilikuta karibu nusu ya tita lile limetengwa kando ya jiko, tayari kwa kuni. Nilipomuuliza sababu, aliniambia kuwa mianzi ile haina uti wa kuaminika: mingine iliruka mara mbili katika mzunguko mmoja, mingine haikuruka kabisa, na fundi alikwisha kumwonya kuwa ufito wa namna hiyo haufai kuuzwa.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Mimi hufundisha fizikia chuo kikuu, na shahada yangu ya uzamivu niliipata ng'ambo, katika maabara yenye mashine za kupindia mihimili ya chuma kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita. Kwa ujasiri wa mtu wa namna hiyo nilimwunga mkono fundi palepale. Nilimchorea kijana duaradufu mchangani, nikamweleza kuwa kitu kisicho mviringo kamili kina upande mkakamavu na upande mlaini, na kuwa bila shaka ufito husokotwa na upande wake mlaini. Yote niliyoyasema juu ya duaradufu yalikuwa kweli. Neno la mwisho tu, lile la kusokotwa, nililiongeza bila kulipima, kwa kuwa lilielekea kufuatana na yaliyotangulia.

Kijana alisikiliza kwa adabu, kisha akaleta ufito mmoja uliofungwa pete na fundi mwenyewe, juu ya alama ya mkaa. Alifunga mshipi kwenye mzizi wa mti, akauvuta. Ufito ulijigeuza mkononi mwake, pete zikakimbilia upande. Halafu akaupindua, pete zikawa chini, akavuta tena kwa nguvu zilezile. Ukatulia. Akaniuliza: "Mjomba, kama ni uti unaougeuza, mbona nikiupindua haugeuki tena? Uti haukuhama."

Swali hilo lilinikosesha usingizi, na jibu lake ndilo kiini cha makala haya.

Tuanze na mambo yaliyo thabiti. Ukakamavu wa ufito katika kupindika hutegemea mambo mawili: maada iliyoufanya, na umbo la uso wake wa mkato. Umbo lina nguvu kuliko watu wengi wanavyodhani. Galileo, katika kitabu chake cha mwaka 1638 juu ya uthabiti wa vitu, alikwisha kuonyesha kuwa bua lenye uwazi ndani ni imara kuliko bua lililojaa lenye kiasi kilekile cha maada. Mwalimu anaweza kulihakikisha jambo hili darasani kwa hesabu ya kidato cha pili. Chukua mwanzi wenye kipenyo cha nje cha milimita 20 na cha ndani cha milimita 12. Maada iliyomo humo ingetosha kutengeneza fimbo iliyojaa yenye kipenyo cha milimita 16, kwa sababu 400 ukitoa 144 hubaki 256, nayo ni mraba wa 16. Lakini ukakamavu hufuata kipeo cha nne cha kipenyo. Kwa mwanzi tunapata 160,000 kutoa 20,736, yaani 139,264. Kwa fimbo iliyojaa tunapata 65,536. Mwanzi, kwa uzito uleule, ni mkakamavu zaidi ya mara mbili.

Sasa tuufanye mwanzi uwe bapa kidogo, kama ulivyo kwa kawaida, maana mimea haikuchongwa kwa kereza. Tuseme ufito uliojaa una kipenyo cha milimita 22 upande mmoja na milimita 20 upande wa pili. Uwiano wa ukakamavu wa pande hizo mbili ni mraba wa uwiano wa vipenyo, yaani 1.21. Maana yake, jiwe litakaloshusha ncha kwa sentimita 10 likining'inizwa upande mkakamavu, litaishusha kwa sentimita 12.1 ufito ukigeuzwa robo ya mzunguko. Tofauti hiyo si ndogo, na huonekana kwa macho. Kwa hiyo fundi hakusema uongo alipodai kuwa ufito una upande mgumu na upande mlaini.

Lakini angalia neno moja ambalo mimi, pamoja na shahada yangu, nililipita. Ukakamavu huo ni wa mhimili, wala si wa ubavu mmoja. Ufito ukiwa mgumu kupindika kuelekea kaskazini, utakuwa mgumu vilevile kupindika kuelekea kusini. Katika mzunguko mzima, basi, tofauti ya ukakamavu inaweza kuleta mahali pawili pa kutulia, panapotazamana, na kamwe haiwezi kuleta mahali pamoja peke yake. Ikiwa ufito unaruka mara moja tu katika mzunguko, kinachouongoza ni kitu kingine, nacho ni mpindo wake wa asili. Hakuna mwanzi ulionyooka kabisa, hata baada ya makaa. Ukiushurutisha upindike, utataka kulala kwa namna ambayo mpindo wake wa asili unaelekea kulekule unakoupinda. Ufito wa mviringo kamili, wenye ukakamavu sawa pande zote, nao utaruka mkononi mwa fundi wetu iwapo una mpindo kidogo tu.

Kwa hiyo alama ile ya mkaa kwa kawaida huonyesha ufito ulikopinda, wala haionyeshi ulikokakamaa. Na mianzi ya mpwa wangu iliyotengwa iwe kuni? Iliyoruka mara mbili ilikuwa imenyooka sana, hata tofauti ndogo ya ubapa ikapata nafasi ya kuonekana. Isiyoruka kabisa ilikuwa imenyooka na pia mviringo. Yaani kijana alikuwa ametenga mianzi bora kuliko yote aliyoinunua, akaiweka karibu na moto.

Turudi kwenye msokoto. Kama hauletwi na uti, unaletwa na nini? Unaletwa na pete. Mshipi haupiti katikati ya ufito. Hupita ndani ya pete, ambazo zimesimama mbali kidogo na mhimili wake. Samaki anapovuta, mshipi huzikandamiza pete kuelekea anakovuta. Zikiwa juu ya ufito, hali ni ile ya mtungi uliowekwa juu ya ncha ya mti: ukiinama kidogo tu upande mmoja, uzito wake unauongezea kuinama. Zikiwa chini, hali ni ya mtungi uliotundikwa kwa kamba: ukiusukuma kando hurudi wenyewe. Tuweke tarakimu. Samaki anavuta kwa kani ya niutoni 10, ambayo ni karibu na uzito wa kilo moja, na mshipi uko sentimita 2 kutoka katikati ya ufito. Ufito ukiinama nyuzi 30, momenti ya kuusokota ni 10 mara 0.02 mara 0.5, yaani niutoni-mita 0.1. Ukifika nyuzi 90 imekuwa 0.2. Mkono wa mtu mzima unaweza kuizuia, lakini unaihisi, na baada ya saa nzima unaichoka. Katika hesabu hii uti haukuingia popote.

Ndiyo sababu yule kijana alipoupindua ufito ulitulia. Pete zilihama kutoka juu kwenda chini, ilhali mhimili wa ukakamavu ulibaki palepale ulipokuwa. Jaribio lake, lililofanywa kwa mzizi wa mti na mikono miwili, lilitenganisha sababu mbili ambazo mimi nilizichanganya. Katika maabara yoyote ulimwenguni jaribio la namna hiyo lingehesabiwa kuwa jema.

Nisije nikamdhulumu fundi, kuna jambo moja ambalo uti hulifanya kweli. Ukining'iniza jiwe kwa namna ambayo uzito wake unaangukia katikati ya upande mgumu na upande mlaini, ncha haitashuka wima. Katika mfano wetu wa milimita 22 na 20, itakengeuka kuelekea upande mlaini kwa nyuzi zipatazo 5, yaani kama sentimita moja kando kwa kila sentimita 11 za kushuka. Katika ufito wa kiwandani kukengeuka huko kwa kawaida ni kudogo zaidi. Fito hizo hufanywa kwa kuzungusha kitambaa cha nyuzi za kioo au za kaboni, kilicholoweshwa gundi, juu ya chuma kirefu kilichochongoka. Pale ukingo wa kitambaa unapopandana na kitambaa chenyewe pana unene zaidi, na huo ndio asili ya maneno yote ya uti katika fito za kisasa. Mtu anayetaka ufito wake ushuke wima kabisa anayo haki ya kuutafuta mhimili huo. Lakini autafute kwa jiwe na rula, asitumie kiganja.

Wapo pia waliokwisha kulimaliza tatizo hili kwa jiometria tangu karne ya kumi na tisa. Mafundi wa Marekani na Uingereza walipasua mwanzi kuwa vipande sita vyembamba, wakavichonga pembetatu na kuvigundisha kuwa ufito mmoja wenye pembe sita. Uso wa mkato wenye pembe sita zilizo sawa una ukakamavu uleule upande wowote utakaoupinda. Wanafunzi hushangaa zaidi wakiambiwa kuwa hata mraba una sifa hiyo: ubao wa mraba hupindika sawasawa ukikandamizwa ubavuni au kwenye pembe, ingawa kwenye ulalo unaonekana mnene zaidi. Mwalimu wa hisabati atakayewapa wanafunzi wake kulithibitisha hilo atakuwa amewapa kazi nzuri ya jioni moja. Mafundi hao, tena, walikuwa wakichonga vipande vyao kutoka ndani na kuacha ngozi ya nje bila kuguswa, kwa kuwa nyuzi ngumu za mwanzi zimesongamana karibu na ngozi. Hapa kwetu nimeona vijana wakipara ngozi ya mwanzi wote ili ung'ae. Huko ndiko kuharibu ufito, kuliko kuukosea uti mara kumi.

Na tukumbuke kuwa wavuvi wengi wa mito yetu hawatumii pete hata moja. Mtoto anayevua kwenye kingo za mto Songwe hufunga mshipi kwenye ncha ya ufito, akatia chambo kwenye ndoana, basi. (Songwe ziko mbili: moja humwaga maji yake Ziwa Rukwa, na ya pili huenda Ziwa Nyasa ikiwa mpaka wetu na Malawi. Wanafunzi wa mkoa wenyewe huzichanganya.) Kwa mtoto huyo mvuto unapita karibu na mhimili wenyewe na msokoto hauna pa kuanzia. Akitozwa fedha za uti, ametozwa bure.

Sasa niseme ninalolitaka kwa walimu. Nimepita katika shule kadhaa za Mkoa wa Songwe tangu mkoa huo ulipogawanywa kutoka Mbeya mwaka 2016, na malalamiko ninayoyasikia ni yaleyale: hakuna vifaa, kwa hiyo jaribio huandikwa ubaoni, wanafunzi wakalinakili pamoja na matokeo yake. Ninayaelewa malalamiko hayo. Hata hivyo, jaribio nililolieleza hapa linahitaji mwanzi mmoja, meza nzito, kamba ya kuufungia mwanzi mezani, mawe yaliyopimwa katika mizani ya dukani, na rula. Mwanafunzi aweke alama nane kuzunguka tako la ufito. Kwa kila alama aandike urefu wa ncha kutoka sakafuni kabla ya kutundika jiwe na baada ya kulitundika, kisha atoe. Kutoa huko ni muhimu, maana ndiko kunakouondoa mpindo wa asili katika hesabu. Asiyetoa atakuwa anarudia kosa la fundi kwa kutumia rula. Tofauti nane alizozipata azichore katika mchoro. Akiona vilima viwili na mabonde mawili, ameuona mhimili wa ukakamavu. Akiona kilima kimoja, na atazame upya kama kamba yake imelegea.

Wala asipelekwe mtoni kwa ajili hiyo. Ziwa Rukwa na mito yake ina mamba, na mwanzi hupindika vilevile darasani.

Kuna mwalimu mmoja, kijana na hodari, aliyenipinga juu ya jambo hili. Alisema kuwa mtihani hautauliza habari za fito, na kwamba kumfundisha mwanafunzi kumpinga fundi mwenye uzoefu wa miaka ishirini ni kumfundisha utovu wa adabu. Hoja ya kwanza sina la kuijibu ila kwamba mtihani huuliza momenti, na momenti ndiyo hii. Ya pili ni nzito zaidi, nami sikuipuuza. Lakini mpwa wangu hakumvunjia fundi heshima. Alimrudia na fito mbili, akamwamkia, akamwomba azivute mwenyewe, moja pete juu na moja pete chini. Fundi alivuta, akazitazama, akavuta tena. Hakusema kuwa alikosea, wala hakutakiwa kusema. Alisema tu kwamba fito za kuwekwa kigurudumu upande wa juu haziwezi kuwa na pete chini, na hapo alikuwa na haki. Katika fito hizo wako mafundi ng'ambo wanaozizungusha pete polepole kutoka juu karibu na mpini hadi chini karibu na ncha, wapate faida zote mbili. Nilimchorea namna hiyo, naye akaihifadhi karatasi ile katika kasha la waya zake.

Aliyekosa adabu katika kisa hiki, nikijipima vizuri, nilikuwa mimi. Nilikuwa na jibu kabla ya kuushika ufito mkononi, na kijana wa miaka kumi na saba alikaribia kuchoma mianzi mizuri kwa sababu mtu mwenye shahada alimhakikishia kuwa haina thamani. Fundi aliupata uti kwa kuona na kugusa, akakosea katika kueleza tu. Mimi sikuona wala kugusa.

Limebaki swali ambalo hatujalijibu. Mwanzi mbichi hupimwa ukiwa na maji mengi, na unapokauka hunywea, pengine pasipo usawa. Je, mhimili wa ukakamavu hubaki mahali pake, au huhama? Mpwa wangu amechukua mianzi kumi na miwili mibichi, ameitia kila mmoja alama nane za wino usiofutika, ameipima na kuandika tarakimu katika daftari la mistari, kisha ameitundika darini juu ya jiko la mama yake, ambako moshi utaikinga na bungua. Ataipima tena kabla ya mvua kuanza. Mianzi mitatu kati ya hiyo, nimeambiwa, dada yangu amekwisha kuianikia nguo.